Kabla ya Kulipa Karo: Ngazi za Masomo ya Ufundi, Kutoka VTC Hadi Shahada

Tuchukue mfano wa familia moja ya Kinango. Kifungua mimba wao, msichana, alitarajia C katika KCSE. Matokeo yametoka na amepata D+. Baba anasoma simu, anairudisha mfukoni na kusema, "Basi, mwanangu. Mambo ya masomo yameishia hapo."

Siku ya tatu rafiki wa familia anakuja na habari. Kuna chuo cha kibinafsi mjini ambacho kitamchukua msichana moja kwa moja asomee diploma ya umeme. Linalotakiwa ni shilingi 35,000 zilipwe kabla ya Ijumaa, maana nafasi zinakwisha. Pesa hizo nyumbani hazipo, ila kuna ng'ombe mmoja. Mama anaanza kuuliza bei za mnadani.

Mfano huu haumhusu mtu fulani, lakini kila baada ya matokeo kuna nyumba nyingi Kwale ambazo mazungumzo yake hufanana na hayo. Baba amekosea, kwa sababu D+ haifungi masomo. Rafiki naye amekosea, kwa sababu D+ haimpeleki mtu moja kwa moja kwenye diploma. Mama anaweza kuyajua yote mawili kabla ng'ombe hajatoka zizini. Makala haya yanaeleza jinsi masomo ya ufundi yalivyopangwa nchini, alama gani inamwingiza mtu wapi, namna ya kupanda hadi shahada, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

NANI ANASIMAMIA CHUO GANI

Wakaazi wengi huita kila chuo cha ufundi "polytechnic". Jina hilo linachanganya, kwa sababu vyuo hivi viko chini ya serikali mbili tofauti.

Vyuo vya mafunzo ya kiufundi, maarufu kama VTC, viko chini ya serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, polytechnic za vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Polytechnic hizo za vijijini ndizo zilizokuja kuitwa youth polytechnic, na sasa ni VTC. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi sekondari waende wapi. Miaka michache baadaye polytechnic za kwanza za vijijini zikaanza.

Taasisi za kiufundi na polytechnic za kitaifa ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa mkaazi wa Kwale, polytechnic ya kitaifa iliyo karibu ni Kenya Coast National Polytechnic, Mombasa.

Vyuo vikuu navyo vina sheria yake, lakini baadhi hufundisha pia vyeti na diploma. Mfano ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, ambacho kina bewa hapa Kwale. TUM ina historia inayofaa kukumbukwa katika somo hili. Ilianza kama taasisi ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, ikawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 ikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Chuo chenyewe kilipanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kwa masomo ya afya kuna chuo cha KMTC, ambacho kina mabewa Kwale na Msambweni. Hiki kina masharti yake, yatakayoelezwa hapa chini.

NGAZI KUMI ZA MASOMO

Tangu kupitishwa kwa sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo mwaka 2014, vyeti vyote nchini hupangwa katika ngazi kumi. Mamlaka inayosimamia mpango huo ni KNQA. Ngazi ya 1 na ya 2 ni za elimu ya msingi na sekondari. Zinazofuata ni hizi:

Ngazi ya 3: cheti cha mwanzo cha ufundi. Hapa anayeanza hujifunza kazi chache za fani moja na kuzifanya chini ya usimamizi.

Ngazi ya 4: cheti cha artisan. Anayehitimu anaweza kufanya kazi za kawaida za fani yake, kwa mfano kuunganisha nyaya za nyumba ndogo, kushona nguo kwa vipimo au kujenga ukuta ulionyooka.

Ngazi ya 5: cheti cha craft. Huyu ni fundi kamili anayeelewa sababu za kazi yake, anayesoma michoro na kuongoza wasaidizi.

Ngazi ya 6: diploma, yaani stashahada. Huyu ni mtaalamu wa kiwango cha kati anayepanga kazi, kukadiria gharama na kusimamia mafundi.

Ngazi ya 7: shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Juu yake kuna ngazi ya 8, diploma baada ya shahada. Ngazi ya 9, uzamili. Na ngazi ya 10, uzamifu.

Faida ya mpango huu ni kwamba cheti kikiandikwa "Level 5" kinasomeka vivyo hivyo Ukunda, Nairobi na Lodwar. Mwajiri hahitaji kubahatisha. Mwanafunzi naye anajua ngazi inayofuata ni ipi.

VTC nyingi hufundisha ngazi za chini, hasa ya 3 na ya 4, na baadhi hufika ya 5. Fani zinazopatikana mara nyingi ni umeme, uashi, useremala, mabomba ya maji, uchomeleaji, mekanika wa magari, ushonaji, ususi na urembo, upishi na kompyuta. Taasisi za kiufundi na polytechnic za kitaifa hufundisha zaidi ngazi ya 5 na ya 6.

ALAMA GANI INAKUINGIZA WAPI

Kwa waliofanya KCSE, viwango vya chini vya kujiunga ni hivi:

Shahada: C+ na zaidi.
Diploma, ngazi ya 6: C- na zaidi.
Craft, ngazi ya 5: D na zaidi.
Artisan, ngazi ya 4: D- au E.

Ngazi ya 3 haidai KCSE. Aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuanzia hapo, na VTC ndipo mahali pake pa kawaida.

Alama hizi ni kiwango cha chini tu. Baadhi ya kozi huongeza masharti ya masomo maalum, kwa mfano hesabu au fizikia kwa kozi za uhandisi. Kozi za afya nazo huwa juu zaidi. Diploma ya uuguzi ya KMTC inahitaji C ya jumla pamoja na alama zilizotajwa katika masomo fulani, ikiwemo baiolojia. Kwa hivyo C- inayokubalika kwa diploma ya ujenzi haitoshi kwa diploma ya uuguzi.

Sasa turudi Kinango. Msichana wetu ana D+. Alama hiyo iko juu ya D na chini ya C-. Anastahili kuanza ngazi ya 5, cheti cha craft, katika taasisi ya umma, bila kumwomba mtu msaada wa kisirisiri. Hastahili bado kuanza diploma. Chuo kinachomwambia kwamba atasomea diploma mwezi ujao kwa D+ ama hakijui masharti ama kinayajua na kinayaficha. Akisoma miaka miwili huko, siku ya mtihani anaweza kukuta hajasajiliwa na bodi yoyote. Pesa zitakuwa zimekwenda na miaka haitarudi.

KUPANDA KUTOKA NGAZI MOJA HADI NYINGINE

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa ni kwamba alama ya KCSE hutumika kukuweka kwenye ngazi ya kuanzia. Ukishahitimu ngazi hiyo, cheti chako cha ufundi ndicho kinachokupeleka kwenye inayofuata. Mwenye cheti cha ngazi ya 4 huingia ya 5 katika fani hiyo au inayokaribiana nayo. Mwenye ngazi ya 5 huingia diploma hata kama KCSE yake ilikuwa D. Mwenye diploma anaweza kuomba shahada chuo kikuu, na baadhi ya vyuo vikuu humpunguzia masomo aliyokwisha kuyafaulu.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia ili mtu asije akavunjika moyo njiani.

La kwanza ni fani. Cheti cha craft cha umeme hakikufikishi kwenye diploma ya upishi. Anayebadilisha fani mara nyingi huanza chini tena. Kwa hiyo muda wa kufikiri ni kabla ya kujisajili, sio baada ya mihula miwili. Njia rahisi ya kuamua ni kijana kukaa siku chache na fundi wa fani anayoitaka, aone kazi ilivyo saa sita mchana juani.

La pili ni muda. Anayeanzia artisan na kufikia shahada hutumia miaka mingi kuliko aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja. Hilo ni kweli na halifai kufichwa. Tofauti ni kwamba kila ngazi ina cheti chake na kazi yake. Mtu anaweza kusimama kwenye ngazi ya 4, akafanya kazi mwaka mmoja au miwili, akaweka akiba na kurudi. Mafunzo ya sasa yanayopima ustadi yamegawanywa katika moduli, na mwanafunzi hupimwa kila moduli anapoimaliza. Aliyekatizwa na ugonjwa, uzazi au ukosefu wa karo hapotezi yote aliyokwisha kupimwa.

La tatu ni taaluma zenye bodi. Uhandisi, uuguzi na sheria zina mabodi yanayosajili wanataaluma, na mabodi hayo yana masharti yake. Anayelenga huko aulize bodi husika mapema kama njia ya diploma inakubalika na kwa masharti gani, badala ya kutegemea maneno ya wakala wa chuo.

Kwa nini cheti kina uzito? Chukua umeme huo huo. Kisheria, anayefanya kazi ya kuweka nyaya za umeme kwa malipo anapaswa kuwa na leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Leseni hizo zina madaraja, na kuomba kunahitaji cheti cha masomo au cha majaribio ya ufundi pamoja na uzoefu. Fundi mwenye mikono mizuri lakini asiye na cheti hubaki kuwa msaidizi wa mwenye leseni, na malipo yake ni ya msaidizi.

FUNDI ASIYE NA CHETI

Si kila anayehitaji cheti ni kijana wa KCSE. Kwale ina waashi waliojenga nusu ya nyumba za Diani, mafundi wa mashua wa Shimoni na Vanga, washonaji wa Kombani na mekanika wa pikipiki kila kituo cha bodaboda. Wengi walijifunza kwa kaka au mjomba na hawakuingia darasani.

Wapo pia waliofanya kazi za mitambo, uchomeleaji na umeme katika mgodi wa titanium, ambao ulisitisha uchimbaji Desemba 2024. Mtu aliyeshika mtambo miaka kumi anaweza kukosa kazi kwingine kwa sababu tu hana karatasi ya kuonyesha alichokuwa akifanya.

Kwa watu hawa kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni majaribio ya ufundi ya Serikali, ambayo wengi huyaita grade test. Yanasimamiwa na NITA, ambayo ina kituo Mombasa. Fundi huanza na Grade III, akaenda Grade II, kisha Grade I. Mtihani huwa na sehemu kubwa ya vitendo: unapewa kazi, vifaa na muda, na mtahini anakagua ulichotengeneza. VTC nyingi huwaandaa na kuwasajili watahiniwa, na fundi wa mtaani anaweza kuuliza kama anaweza kusajiliwa nao.

Njia ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaojulikana kwa kifupi kama RPL, chini ya sera ya KNQA. Hapa fundi halazimiki kusoma upya anachokijua. Anakusanya ushahidi wa kazi yake: picha za majengo au nguo alizotengeneza, barua za wateja na waajiri, vyeti vya mafunzo mafupi, hata orodha ya kazi na tarehe. Mtahini aliyeidhinishwa hukaa naye, humuuliza maswali na kumtazama akifanya kazi. Akifaulu hupewa cheti cha ngazi anayostahili, na kutoka hapo anaweza kupanda kama mwanafunzi mwingine yeyote. Anayefikiria njia hii aanze leo kupiga picha kazi zake na kuomba barua anapomaliza kila kazi. Aliyekuwa mgodini au hotelini aitunze barua yake ya utumishi kama hati ya shamba.

Kwa wakaazi wa Lunga Lunga na Vanga, kuna jambo la ziada. Vijana wengine husomea ufundi upande wa Tanzania. Cheti cha huko si cha kutupwa. KNQA ndiyo inayopokea maombi ya kulinganisha vyeti vya ufundi vya kigeni na ngazi za Kenya. Aliyehitimu Tanga apeleke cheti chake kikalinganishwe kabla ya kuomba kazi au kujiunga na ngazi ya juu huku.

Wenye ulemavu nao wana nafasi. Vyuo vya umma vinapaswa kuwapokea, na nchini kuna taasisi maalum, zikiwemo ile ya wasioona ya Machakos na ya viziwi ya Karen, Nairobi. Mzazi asimwache mtoto nyumbani kwa kudhani hakuna mahali pake.

KUKAGUA CHUO KABLA YA KULIPA

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 inasema hakuna chuo cha ufundi kinachoruhusiwa kufundisha bila kuidhinishwa na mamlaka ya TVETA. Hilo linahusu vyuo vya umma na vya kibinafsi. Chuo cha kibinafsi kinaweza kuwa kizuri sana. Jina au bango barabarani ndilo lisilotosha. Mzazi ana haki ya kuuliza, na chuo halali hakichukizwi na maswali haya:

1. Je, chuo kina cheti cha usajili cha TVETA, na tarehe yake bado haijaisha? Ombeni kukiona. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti ya TVETA, na kijana mwenye simu anaweza kuitafuta kabla hamjapanda matatu.

2. Je, kozi hii yenyewe imeidhinishwa? Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kompyuta na ushonaji lakini kisiwe na idhini ya umeme.

3. Nani atatoa mtihani wa mwisho na cheti? Majibu ya kawaida ni TVET CDACC, KNEC, NITA, au KASNEB kwa kozi za uhasibu. Ukiambiwa "chuo kinatoa cheti chake chenyewe", uliza cheti hicho ni cha ngazi gani na kinatambuliwa na nani. Jibu likiwa refu na halieleweki, ondokeni.

4. Karakana iko wapi? Tembeeni mwione. Huwezi kujifunza uchomeleaji kwenye ubao. Hesabuni mashine na muulize wanafunzi wangapi hutumia moja.

5. Wanafunzi wa mwaka uliopita wako wapi? Ombeni kuzungumza na wawili au watatu.

6. Mafunzo ya kazini, yale yanayoitwa attachment, hufanyika wapi, na nani humtafutia mwanafunzi nafasi?

Mtu akikuharakisha ulipe kabla hujapata majibu haya, rudi nyumbani na pesa zako. Vyuo vya umma kwa kawaida hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Anayekosa nafasi mwezi huu atasubiri miezi michache, na kusubiri huko ni rahisi kuliko kupoteza ng'ombe.

PESA: HESABU NZIMA

Karo inayotajwa mlangoni si gharama yote. Kabla ya kukubali, ombeni karatasi ya ada za kozi nzima, kisha ongezeni wenyewe haya: usajili, ada ya mtihani, sare na vifaa vya usalama, vifaa vya kazi, chakula, malazi au nauli ya kila siku, na gharama za kuishi wakati wa attachment. Kijana wa Kasemeni anayesoma Mombasa na kulala kwa shangazi hana hesabu sawa na yule atakayekodi chumba.

VTC iliyo karibu na nyumbani mara nyingi hupunguza mzigo wa nauli na malazi. Kwa kijana anayestahili ngazi ya 4, kuanzia kwenye wadi yake kisha kwenda mbali kwa ngazi ya 5 ni mpango unaowezekana kwa familia nyingi.

Misaada iliyopo ni ya aina tatu kuu. Kuna mkopo wa HELB, ambao wanafunzi wa vyuo vya umma vya ufundi wanaweza kuuomba, si wa chuo kikuu pekee. Huo ni mkopo na lazima ulipwe baada ya masomo, kwa hivyo mwanafunzi achukue anachohitaji na aweke kumbukumbu. Kuna basari ya NG-CDF ya eneo bunge. Na kuna basari ya kaunti. Kwa basari, chanzo salama cha habari ni ofisi ya wadi, chifu au chuo chenyewe. Fomu ya basari haiuzwi, na anayedai "kitu kidogo" ili jina lipite aripotiwe.

HATUA ZA KUCHUKUA WIKI HII

Aliyepata alama ya kujiunga na taasisi ya kitaifa, KMTC au chuo kikuu huomba nafasi kupitia KUCCPS, ambayo hufungua maombi kwa muda maalum kila mwaka na kutangaza tarehe zake. Maombi hufanywa mtandaoni kwa namba ya mtihani ya KCSE. Waliomaliza sekondari miaka iliyopita nao huruhusiwa kuomba kozi za ufundi, hivyo aliyefanya KCSE miaka kumi iliyopita na kuingia boda asidhani muda wake umepita. Kabla ya kubonyeza, soma masharti ya kila kozi unayoichagua, na namba ya siri usimpe mtu wa cyber aibaki nayo.

Anayetaka VTC hahitaji kupitia KUCCPS. Aende chuoni mwenyewe na hati ya matokeo au cheti cha mwisho wa masomo, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na picha za pasipoti. Azungumze na meneja wa chuo, aone karakana na aulize chuo kinafika ngazi ya ngapi katika fani anayoitaka. Kama kinaishia ya 4, aulize wahitimu wake huendelea wapi.

Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa kwenye kituo cha Huduma mjini Kwale, au kwenye VTC yoyote ya kaunti. Ushauri huo hautozwi pesa.

TURUDI KINANGO

Ikiwa familia yetu itafuata utaratibu huu, Ijumaa itapita bila shilingi 35,000 kulipwa. Mama atampigia simu rafiki wa familia na kumuuliza maswali mawili tu: chuo hicho kimesajiliwa na TVETA kwa kozi ya umeme, na mtihani wa diploma unatolewa na nani kwa mwenye D+? Ikiwa hakuna jibu, atashukuru na kufunga mazungumzo.

Msichana ataomba ngazi ya 5 ya umeme kupitia KUCCPS. Akifaulu ataingia diploma kwa cheti chake cha craft, na wakati huo anaweza kuanza kutafuta leseni ya kazi. Akitaka kuendelea hadi shahada, atajua masharti ya kuuliza na mlango wa kubisha. Akitaka kusimama na kufungua biashara yake ya kuweka umeme nyumba za Kinango, cheti kitakuwa chake.

Ng'ombe huenda bado akauzwa, maana masomo hayana njia ya bure kabisa. Lakini atauzwa kulipia chuo kinachojulikana, kozi iliyoidhinishwa na cheti ambacho mwajiri atakikubali. Baba naye ataweza kumwambia binti yake jambo jingine: kwamba D+ ni ngazi ya tano, na juu yake kuna nyingine.